Mkono wa Anayevutwa

Watu wakianza kuisifia miaka ile ya kuhamia vijijini, mimi huaga na kwenda zangu. Mke wangu anasema hasira hizi zitaniua. Namjibu kuwa zingekuwa za kuua zingeshamaliza kazi zamani. Sisemi hakukuwa na jema. Shule ilijengwa, bomba la maji lilifika, na mimi mwenyewe niliitwa ndugu na watu ambao zamani wasingenipa hata kiti. Lakini nilikuwa dereva wa bredauni, na nina langu nililoliona kwenye kioo cha pembeni.

Bredauni, kwa asiyeijua, ni lori la kuvuta malori mengine yaliyokufa njiani. Letu lilikuwa la chama cha ushirika cha pamba, pale Bunda. Lilikuwa lori la kadiri, si kubwa wala dogo, lenye winchi nyuma, ndoano, na mnyororo mzito uliokuwa ukiacha kutu kwenye shati hata ukiubeba kwa uangalifu namna gani. Msimu wa pamba ulipogongana na mvua, udongo mweusi wa mbugani uliyashika malori kwa matumbo, nami nikawa sina Jumapili. Leo niko barabara ya Musoma, kesho njia ya Butiama, keshokutwa nimeingia porini ambako hata njia hakuna.

Kasoro ilikuwa moja tu. Nilikuwa na leseni ya gari dogo. Dereva wa zamani aliugua mgongo, akaniachia funguo kwa muda, na muda ule haukuisha. Kila mtu alijua kuwa sina leseni ya magari mazito. Ofisi ya ushirika ilijua. Askari wa barabarani walijua, maana nilishawahi kulivuta lori lao kutoka mtoni na wakanipa mkono mmoja mmoja. Wakinisimamisha walikuwa wanauliza kwa kucheka, "Ndugu, ile leseni vipi?" Nami nasema, "Iko njiani." Wananipungia nipite.

Sasa, kazi ya kuvuta ina adabu yake. Anayevuta haoni vizuri nyuma. Anayevutwa amekaa kwenye gari bovu, ameshika usukani usio na nguvu, na maisha yake yako mikononi mwa mtu mwingine. Kwa hiyo kwetu gereji ya Bunda palikuwa na sheria isiyovunjwa: anayevutwa ndiye anayetoa ruhusa. Anainua mkono juu kabisa, wewe unauona kwenye kioo, ndipo unaachia klachi polepole mpaka mnyororo ukaze, ndipo unaondoka. Ukiondoka kabla ya mkono, au ukiondoka mnyororo ukiwa umelegea, unang'oa mbele ya gari la mwenzako, au unamng'oa shingo. Aliyeivunja sheria ile hakupewa ndoano tena.

Bibi yangu aliijua sheria hiyo. Alikuwa akikaa mlimani, ng'ambo ya Mugeta, katika nyumba ya msonge ambayo nilizaliwa humo. Siku moja nilikwenda huko kuvuta lori la mashine ya kusaga. Akaja kutazama, akaona injini inanguruma na hakuna kinachoendelea.

"Mbona haliondoki?" akauliza.

"Nasubiri mkono, bibi. Yule wa nyuma hajawa tayari."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe na lenyewe limefundishwagwa adabu!"

Tangu siku hiyo, kila nilipomtembelea, wakati wa kuondoka alisimama mlangoni nami nikakaa ndani ya lori nimewasha injini, namtazama kwenye kioo. Alikuwa na vituko. Ananiangalia tu, anajikuna, anafunga upya kanga, anajifanya amesahau. Halafu anainua mkono juu, ndipo naondoka. Sijawahi kuondoka pale bila mkono wake.

Niseme na hili, maana bila hili hamtaelewa. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke wa namna hiyo haachi nyumba yake izimike. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, akamuoa mama yangu kimila, mwanamke kwa mwanamke, na watoto wa mama wakawa wa nyumba ya bibi. Mama alifariki nikiwa mdogo, bibi akanilea. Hakuna mwanaume niliyemwita baba. Baba yangu, ukitaka kusema kweli, ilikuwa nyumba ile, na ndiyo maana bibi aliniita tata, yaani baba, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wanao wa kiume.

Mwaka ule wa kuhama ushirika ulichoka kunificha, wakanipeleka Musoma kwa mkaguzi wa magari nikafanye mtihani wa leseni kubwa. Nilirudi nyuma kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Mkaguzi akapanda pembeni yangu, akanielekeza kwenye mteremko wa Mwigobero huku nimevuta lori bovu, kisha akaniambia nigeuze, nipande nalo, nisimame katikati ya mlima na kuondoka tena. Kina mama wenye beseni za dagaa walitupisha huku wakitutukana. Lori halikurudi nyuma hata unyayo.

"Unajua kuendesha," mkaguzi akasema. Kisha akaendelea, "Ila kuna operesheni ya kuhamisha watu. Bredauni yako inatakiwa huko kwenu. Kafanye kazi chini ya katibu wa kata. Katibu akisema umetumika vizuri, njoo uchukue leseni yako."

Yaani nimeshinda mtihani wa gari, nimebaki na mtihani wa katibu. Bila leseni ile, ushirika ulishaniambia, msimu ujao wangemtafuta dereva mwingine. Nikameza. Mtu mwenye njaa ya kitu humeza mengi.

Katibu alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi, mwenye haraka kuliko mtu niliyewahi kumwona. Wiki za mwanzo kazi ilikuwa ya kawaida: kuyavuta malori yaliyobeba watu, vitanda, kuku na mahindi yalipokwama mbugani. Niliona watoto wamekaa juu ya milango. Walikuwa wameng'oa milango ya nyumba zao wakaja nayo, kwa sababu kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba tu. Nilikuwa navuta, nanyamaza. Nilijiambia kuwa navuta malori, sivuti watu.

Watu wa mlimani hawakutaka kushuka. Si kwamba walikataa kwa maneno. Walisema ndiyo ndugu, wakapika, wakalala. Zamani mtu wa kwetu akihamisha nyumba, majirani walikuja wakalinyanyua paa zima kwa mabega, wakalibeba huku wakiimba mpaka kwenye kuta mpya, na pombe ikanywewa. Katibu aliwaomba wabebane hivyo. Wakasema mabega yanauma. Ndipo akaja kwangu, amekasirika mpaka shingoni.

"Ndugu dereva, mnyororo wako una urefu gani?"

"Unatosha lori, ndugu katibu."

"Basi na nguzo ya kati utaitosha. Tunaanza na nyumba ya bibi yako. Wakiona dereva mwenyewe ameibomoa ya kwao, wengine watashuka wenyewe." Kisha akaongeza, akiwa hana hata aibu, "Na ile haina mwanaume. Nani atabisha?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, na ndevu zangu. Sijui alidhani mimi ni nini.

Tukapanda. Mgambo walimtoa bibi nje na kigoda chake na chungu kimoja. Wakaingiza mnyororo mlangoni, wakauzungusha kwenye nguzo ya kati, ile ambayo mama alikuwa akiniegemezea mgongo aninyoe nywele. Nilikaa kwenye lori kwa sababu niliamriwa, na kwa sababu, sitaficha, niliifikiria leseni. Nikawasha injini. Nikatazama kioo.

Bibi alikuwa amesimama pale pale anaposimama siku zote, kando ya mlango, ananitazama. Mikono iko chini.

"Vuta!" katibu akapiga kelele.

Mguu wangu ulikuwa kwenye klachi, na haukutoka.

"Dereva, vuta!"

"Sijapewa mkono," nikasema.

"Mkono wa nani?"

"Wa mwenye nyumba."

Mgambo mmoja, mtu wa Bunda anayeijua gereji yetu, akaangalia chini. Katibu hakuelewa, au alielewa. Alikuja mpaka dirishani, akapanda kwenye ngazi ya lori, uso wake karibu na wangu. Na hapo ndipo, baada ya miaka yote ya kuvuta, baada ya wiki zote za operesheni yao, akaniuliza:

"Leseni yako iko wapi?"

Bado naisikia sauti ile, na bado nataka kumshika shati lake la pasi. Nilipokuwa nawavutia malori yao hakuna aliyeihitaji leseni. Niliposhusha watu na milango yao mbugani, nilikuwa ndugu, nilikuwa mjenga taifa. Sheria ililala usingizi mzito kipindi chote hicho, ikaamshwa siku niliyokataa kubomoa nyumba ya bibi mmoja asiye na kosa. Ni uhuni. Uhuni wenye mhuri ni uhuni vilevile.

Nikamtolea leseni ya gari dogo. Hakuisoma hata, alijua. "Unaendesha gari zito kinyume cha sheria," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mshusheni."

Wakanishusha, na bibi wakamsogeza mbali na ukuta. Dereva wake wa Landrova, aliyekuwa na leseni za kila aina, akapanda nafasi yangu. Hakutazama kioo. Mnyororo ulikuwa umelala chini kama kamba ya mbuzi, naye akaachia klachi kwa pupa, lori likaruka. Nguzo ikatoka na mlango pamoja na ukuta wa mbele. Paa lilibaki juu kidogo, kama lisiloamini, halafu likakaa chini. Vumbi lilipotulia, bibi alikuwa amefunika kile chungu kwa kanga yake kisiingie mchanga.

Nililala mahabusu Bunda. Nilipotoka, ushirika ulikuwa umeshampa mwingine funguo, na Musoma niliambiwa nisijisumbue kuja. Chumba changu cha kupanga Manyamanyama nilikirudisha. Nikaenda kwa miguu hadi kijiji kipya kumtafuta bibi.

Nilimkuta kwenye kiwanja chake, chini ya turubai la kufunikia pamba lililofungwa kwenye vigingi vinne. Amekaa kwenye kigoda, chungu kiko pembeni. Nikampa shikamoo, nikakaa mchangani.

"Wamekupa ile leseni?" akauliza.

"Hapana, bibi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilikuwaga nataka kukupa mkono, tata."

Sikumwelewa.

"Siku ile. Nilijua unasubiri. Nikawaza, nyumba ni ya kwangu, nimekaamo, nimezikia humo. Lakini leseni ni ya mtoto. Nikasema acha wavute. Mkono ulikuwa unapanda. Ulikuwa umefika hapa." Akagusa kiuno chake. "Ndiyo nikaona wanakushusha."

Nilikuwa nimeuona. Kwenye kioo niliuona mkono ule ukijongea, nikadhani anafunga kanga, vile vituko vyake. Mimi nilikuwa nimekataa kwa ajili yake, na yeye alikuwa anakubali kwa ajili yangu, na kijana mwenye haraka akasimama katikati yetu akidhani anajenga kitu. Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa, na haijahama. Si kwa sababu ya nguzo. Nguzo hupatikana. Ni kwamba walimfikisha bibi kizee mahali pa kuipima nyumba yake na kazi ya mwanawe, achague, tena mbele za watu.

Leseni ya magari mazito niliipata miaka mingi baadaye, kwa mkaguzi mwingine, bibi akiwa ameshazikwa kwenye kiwanja kile alichopimiwa kwa kamba.

Lakini siku ile ya turubai, jua lilipoanza kushuka, nilimuaga. Nikatembea hatua chache, nikageuka kwa mazoea. Hakukuwa na mlango wa kusimama. Bibi alikuwa vilevile kwenye kigoda chake, na safari hii hakujikuna wala hakujifanya amesahau. Alinyoosha mkono juu kabisa, akaushikilia huko, akiningoja niondoke. Nikabaki nimesimama. Sikuwa na gari.