Jokofu Lisilofunguliwa

Dada yangu anakagua kila kitu. Anafunga gesi, anafika mlangoni, anarudi kuigusa tena. Mwanangu akilala mchana, dada anaingia chumbani, anaweka kidole chini ya pua ya mtoto, anangoja. Watoto wa mtaani wamembandika jina la Mkaguzi, nao wanacheka. Mimi sicheki. Alizaa mtoto mmoja tu, wa kike. Mchana mmoja alimlaza, akafurahi kwamba leo kalala fofofo, akaenda zake kufua. Aliporudi mtoto alikuwa vilevile, mkono shavuni, uso hauna hata mkunjo. Alikuwa ameshakufa. Madaktari hawakuona sababu. Mumewe alivumilia kidogo, kisha akafungasha, na huyo sina muda naye.

Kazi ya dada ni mayai. Si ya kuku, ingawa majirani hawachoki kumwagiza trei. Ni mayai ya uzazi ya ng'ombe, madogo kuliko chembe ya chumvi. Ng'ombe akichinjwa, dada huchukua ovari zake machinjioni, akazibeba kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Maabarani huyafyonza mayai kwa sindano ili yatungishwe kwenye kisahani, kisha mimba ipandikizwe kwa ng'ombe mwingine. Yakilazimika kungoja, hulala kwenye jokofu dogo. Hayagandishwi, yanapozwa tu, kama maji ya mtungini. Baridi ikizidi yanakufa, na yai lililokufa kwa baridi halionyeshi. Unalitazama kwenye hadubini, duara, linang'aa, zima kabisa. Utajua siku litakapokataa mbegu. Nilipomuuliza kwa nini asitafute kazi nyingine, aliendelea kuosha chupa yake ya chai.

Mwaka huu ng'ombe wa mama aliteleza mtaroni akavunjika nyonga, ikabidi achinjwe. Ndiye aliyekuwa amebaki, na mama alimlea tangu ndama. Alilia, akafuta machozi, akamgeukia dada.

"Kazi yako naisikia miaka yote, sijawahi kukuomba kitu. Nitolee ndama kwa huyu."

"Mama, siwezi kukuahidi."

"Sijasema uniahidi. Nimesema unitolee."

Yalipatikana mayai manne ya maana. Bahati mbaya, kabati la joto, ambamo mayai hukomazwa kabla ya kupewa mbegu, lilikuwa limeungua waya, na fundi angefika kesho yake. Mayai yakaingia kwenye jokofu. Hapo kuna sheria moja: likishafungwa, halifunguliwi. Kila ukifungua, joto linapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoua. Sasa mwambie hivyo dada yangu. Majaribio mengi yalikuwa yameharibika mikononi mwake. Wenzake wote walijua sababu, ila hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Yeye mwenyewe alijua.

Alinipigia simu jioni hiyo niende maabara. Nilipofika akanitia ufunguo wa jokofu mkononi.

"Kaa nao. Hata nikikupigia magoti, usinipe."

Niliuficha ndani ya sidiria, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Mwanzoni tulipiga soga, tukamsengenya mumewe wa zamani kidogo. Halafu akaegemeza sikio kwenye mlango wa jokofu.

"Unasikiliza nini?"

"Hakuna kitu."

"Hayo ni mayai tu, dada. Ulitaka yakwambie nini?"

Hakucheka. Baadaye akaniomba ufunguo, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Nikakataa. Akaomba tena, nikakataa tena. Ndipo akauelekea mlango ule na kuita jina la mwanawe, taratibu, jinsi unavyomwamsha mtoto usimshtue. Alitega sikio, akaita tena. Niliogopa, sitasema uongo, niliogopa kwamba kitu kitaitika. Nilimshika kiuno, tukakaa sakafuni hivyo hivyo mpaka fundi alipobisha hodi asubuhi.

Kabati likatengenezwa, mayai yakakomazwa, yakapewa mbegu. Kesho yake dada aliniita nikatazame kwenye hadubini.

"Matatu yamekataa," alisema. "Tazama hili."

Niliona vipande viwili vimeshikamana. Akanieleza kwamba lilikuwa kitu kimoja, sasa limejigawa, na kisichokuwa na uhai hakijigawi. Nilipiga kigelegele mle mle maabara, nikampigia mama simu. Ikawa inaita, nami nikageuka nimkumbatie dada. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, macho makavu.

"Sikuyaangalia," alisema. "Usiku mzima sikuyaangalia, na hili likaishi."

"Ndiyo, dada. Umeweza."

"Na yule pia sikumwangalia."

Mama alikuwa ameshapokea, anasema haloo, haloo, mbona husemi. Niliiweka simu mezani bila kuikata, nikamshika dada kiuno kama usiku ule.