Kompyuta Iliyomkataa Mzazi

Mjukuu wangu alitoka Mbeya akaja Iringa kujifungulia kwangu, maana kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa penye bibi au mama. Huko Mbeya anafanya kazi kwa mkataba, anapanga mizigo ya malori. Bosi alimkubalia afanyie kazi nyumbani kwa kompyuta ndogo inayoingia kwenye ile kubwa ya ofisi, wanaiita seva. Mimi sikupenda. Mzazi anakunywa uji, analala. Lakini nani aliniuliza?

Asubuhi ya kuanza, mashine ikamkataa. Anaandika paswedi, inapokea, halafu kioo kinakuwa cheusi tii. Anazima, anawasha. Cheusi. Bosi akatuma ujumbe: asipoingia leo, Jumatatu awe ofisini Mbeya. Na kichanga kitovu ndiyo kwanza kimedondoka, na baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua.

Mjukuu wangu akampigia fundi wa kompyuta wa ofisini, akaweka spika.

"Dada, wenzako wote wanaingia. Ni wewe tu."

"Hilo umeshaniambia."

"Mtandao wa huko je?"

"Si ndiyo huu tunaongelea?"

Nikamwona anafuta macho kwa khanga ya mtoto. Nikasogea.

"Wewe fundi."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Usimhesabie wenzake. Wenzake hawana kichanga. Tafuta."

Tukasikia anabofyabofya. Kisha akasema, "Dada, mbona umo ndani? Jina lako limo kwenye seva tangu wiki iliyopita, na kazi kibao umezifungua."

"Wiki iliyopita nilikuwa leba."

Hapo ikaingia sauti ya mwanamke, yule anayekaa meza moja na mjukuu wangu huko ofisini. "Jamani ni mimi. Si uliniachia paswedi? Nikasema nikulimie kidogo, bosi asione shamba lako limeota nyasi. Jioni nikazima kioo, nikaenda zangu."

Fundi akaeleza kwamba kuzima kioo siyo kutoka. Kazi ilibaki wazi kwa jina la mjukuu wangu, ikaganda, na kila akiingia seva inamrudisha palepale ilipoganda. Wengine haiwagusi.

"Na paswedi haiombwi jirani kama chumvi," akasema. "Haya, ile kazi iliyoganda nimeitoa. Badilisha paswedi, ujaribu."

Kioo kikawaka. Mjukuu wangu akashusha pumzi mpaka mtoto akashtuka.

Nikamwambia yule mwenzake, "Kumlimia mzazi ni vizuri, hata sisi tulilimiwa. Lakini ukimaliza, jembe unaondoka nalo. Huliachi mlangoni kwake."

"Nisamehe bibi."

"Sijakasirika. Njoo umwone mtoto. Na sabuni ya kufulia ulete."

Nikampakata kichanga, nikauweka uji pembeni ya ile kompyuta. Nikasema uishe kwanza, malori yatasubiri. Akaunywa huku anaandika, sikumgombeza. Jumatatu ilimkuta hapahapa kwangu, soksi mbilimbili miguuni.