Tumbo Gumu Kama Chuma

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Likasi, na mgongo ndio ulionisimamisha kazi. Niliamua kuutibu mwenyewe. Nilisoma kwamba ukilala chali, ukikunja magoti na kuinua nyonga polepole, misuli ya tumbo inapaswa kukaza ili iushike uti wa mgongo. Kila asubuhi niliinua nyonga, mkono juu ya shati, nikalikuta tumbo gumu kabisa. Nikawafundisha hata wazee wa parokia. Waliligusa tumbo langu wakastaajabu.

Jana nilikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ndiye angeniruhusu kurudi kazini. Papa Kalala wa parokiani alinisindikiza. Nikalala, nikainua nyonga.

"Gusa, mama. Ni chuma."

Mtaalamu akagusa, akagonga kwa kidole, akafunua shati langu.

"Papa, hii ni mukaba. Miye natafuta tumbo," akaniambia.

Ulikuwa mkanda wangu mpana wa ngozi wa kazini, ambao nimeuvaa miaka mingi hata siuhisi tena. Akaufungua. Nikainua tena, na kidole chake kikazama.

"Kumbe siye tulikuwa tunagusa ngozi ya ngombe," akasema Papa Kalala.

Nikainua nyonga tena, safari hii nikilikaza tumbo lenyewe. "Usitoe mkono, mama."