Seli Zilizotulia Kupita Kiasi

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Mama Seli, kama wanavyomwita kazini, anafungua kabati la joto, anatoa chupa bapa ya plastiki, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kusonya.

"Nani kalifungua tena hili kabati?" anauliza. Maabara nzima inainamia kazi zake. Mlangoni pa kabati kuna karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: Usifungue. Hata kidogo. Hata wewe.

Ndani ya chupa, chini kabisa, umetanda utando mwembamba kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Ni seli za mashavu ya sato, yale anayopumulia samaki. Fundi huyu wa maabara, mwenye miaka hamsini na moja, amezilea seli za samaki kwa miaka kumi na tisa. Kila siku ya tatu huzibadilishia maji ya chakula, iwe Jumapili, iwe msibani.

"Ng'ombe ukimsahau atakupigia kelele," anasema. "Hizi hazisemi. Unakuja asubuhi unakuta maiti."

Mwaka huu zimemfia mara nne. Mara mbili umeme ulikatika, mara moja kuvu iliingia, na mara moja mgeni mheshimiwa alitaka kuchungulia. Kila zikifa, anaanza upya, wiki sita.

Kazi yenyewe ni kutafuta kama dawa ya majani inaweza kutuliza uvimbe wa mashavu unaowakosesha pumzi samaki wa kufugwa. Seli huchokozwa kwa mabaki ya bakteria, nazo hutoa kemikali za uvimbe. Kisha hutiwa maji mazito yaliyokamuliwa kwenye majani ya mpera, na kemikali zile hupimwa tena.

Miezi minne iliyopita zilishuka hadi robo. Mkuu wa maabara alifurahi, akaanza kuandaa bango la matokeo la kupeleka kwenye mkutano wa watafiti. Mama Seli naye akakosea: alilisema nyumbani, mezani, mbele ya mdogo wake wa kiume anayefuga samaki.

"Nilisema majani ya mpera yanaelekea kutuliza. Yanaelekea. Yeye akasikia dawa imepatikana."

Mdogo mtu alichemsha magunia mawili ya majani, akayamwaga kwenye bwawa moja kati ya mawili aliyonayo. Kesho yake mchana samaki mia nne na kumi na wawili walikuwa wanaelea tumbo juu. Hakupiga kelele. Alimpigia simu na kusema, "Dada, dawa yenu imenimaliza."

Mama Seli alimkasirikia kwanza yeye. Alimkumbusha kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, na simu ikakatwa sikioni mwake. Lakini usingizi ulimpaa. Samaki wale walikuwa wamemwambia jambo ambalo vipimo havikumwambia.

Asubuhi alichukua seli zilizosifiwa kwa kutulia, akazitia rangi ya buluu. Seli hai huikataa rangi hiyo, zilizokufa huinywa. Aliinamia darubini na kuhesabu. Katika kila seli kumi, nane zilikuwa buluu.

Mkuu alisema huenda rangi imekwisha muda wake. Mama Seli akafungua chupa mpya ya rangi, akarudia mara tatu. Majibu yakawa yale yale.

"Nikamwambia, daktari, hizi hazijatulia. Zimekufa. Maiti halalamiki."

Siku mbili baadaye Mkuu akaliondoa bango. Wenzake, waliokwisha kufunga mizigo ya safari, walinuna mwezi mzima. Mmoja alimuuliza kwa nini hakunyamaza tu. Mama Seli akarudi kwenye chupa zake.

Akaanza kuzimua dawa, kidogo kidogo. Ilipofika sehemu moja kwa ishirini, seli tisa katika kumi zilibaki hai, na kemikali za uvimbe zilishuka kwa theluthi.

"Theluthi tu," anasema. "Si ya kupigiwa vigelegele. Ila ni ya kweli."

Kero hazijaisha. Juzi shemeji yake alikuja na chupa tupu, akiomba dawa kidogo ya kupaka goti. Mama Seli alimuuliza, "Shemeji, kwani wewe ni sato?" Shemeji akaondoka amekasirika, na chupa yake akaisahau.

Sasa kipimo hicho lazima kirudiwe mara mbili zaidi. Kikikubali, nyuma ya maabara kutawekwa matangi matatu, kila moja samaki thelathini wazima. Mdogo wake amejitolea kuwatoa kwenye bwawa lililobaki, kwa sharti kwamba dawa aimwage dada mwenyewe. Baada ya hapo anataka kuwaandikia wafugaji ukurasa mmoja: majani kiasi gani, maji kiasi gani, na lini usiguse kabisa.

Je, safari hii mdogo wake atasubiri? Mama Seli anarudisha chupa kabatini, anafunga mlango na kuusukuma tena kwa kiganja.

"Tangu asubuhi amenipigia mara mbili," anasema. "Lakini ananiuliza kipimo cha dawa. Zamani hakuuliza."