Yule Mgomvi wa Kundi la Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa levo yenye mguu mmoja uliolegea na makundi sita ya wanachuo. Meza sikuonyeshwa, kwa sababu haikuwepo. Mkuu wa Idara, mtu mrefu aliyependa kuongea huku anatembea, aliniambia, "Wahadhiri watafundisha darasani. Wewe utakaa nao shambani. Vyombo ni vichache, kwa hiyo watafanya kazi kwa makundi, na makundi yatakusumbua kuliko vyombo." Nikacheka, nikidhani ananitania.

Nilikuwa fundi sanifu katika kituo cha mafunzo kwa vitendo cha chuo kikuu kimoja, nje kidogo ya Arusha, chini ya Mlima Meru. Wanachuo wa umwagiliaji waliletwa kwetu kwa muhula mzima. Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Madukani mjini kulijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu, na maofisini barua za kupunguza watu zilikuwa zinatembea. Mafundi wa kudumu walishapunguzwa karibu wote. Mimi nilikuwa wa mkataba wa majaribio, rahisi kuajiri na rahisi zaidi kufukuza. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kosa moja kubwa lingenirudisha kwetu Kikatiti kulima nyanya za watu.

Vijana wa leo wanapima kwa mitambo inayoongea yenyewe, kwa hiyo nieleze kidogo. Levo ni darubini iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, inayokuonyesha mstari uliolala sawasawa. Mwenzako anasimama mbali ameshika stafu, yaani ubao mrefu wenye namba. Mmoja anasoma, mwingine anaandika kwenye kitabu cha vipimo. Mnaanzia kwenye jiwe ambalo urefu wake unajulikana, mnazunguka, mnarudi pale pale. Mkirudi na urefu ule ule, au tofauti ndogo sana, kazi imefunga. Isipofunga, mnarudia kundi zima, na alama ni moja kwa wote.

Hapo kwenye alama moja ndipo tabia za watu zinapoonekana.

Muhula ule Kundi la Tatu lilipewa kazi ya kweli: kupima njia ya mfereji mpya wa wakulima wa Kikwe. Kiongozi wao alikuwa Godlisten, mtoto wa mfanyabiashara wa Kichaga wa pale mjini, mwenye haraka na sauti ya mnadani. Yeye ndiye aliyesoma levo. Mwandishi alikuwa Anaeli, kijana mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, ambaye watu wawili wakipandishiana sauti yeye alikuwa anaumwa tumbo. Stafu alishika Lomayani, aliyeongea labda mara mbili kwa wiki. Wa nne alikuwa Penina. Huyo alibisha mpaka salamu.

Siku ya tatu Godlisten na Anaeli walinifuata kibandani nikiwa nakunywa chai. Penina alikuja nyuma yao.

"Mwalimu, tuondolee huyu dada," Godlisten alisema. "Kila namba anabisha. Hatutamaliza."

"Amesoma mita moja na ushee," Penina akasema. "Ni mbili na ushee. Nimechungulia mwenyewe."

"Unaona sasa?"

Nikamgeukia Anaeli, kwa sababu nilimwamini. Akainamisha kichwa. "Sisi tunaomba amani tu, mwalimu."

Nami nilitaka amani. Nikamwambia Penina ahamie Kundi la Tano. Akachukua daftari lake, akaondoka bila kuaga. Ile wiki shambani kulikuwa kimya, nikajipongeza kwamba nimeanza kuijua kazi.

Kitabu chao kilipokuja kilikuwa kisafi, na kazi ilifunga kwa sifuri kamili. Nikakisifia mbele ya makundi yote. Nikatia sahihi, vigingi vikapigwa, kila kimoja kimeandikwa kina cha kuchimba, na wazee wa mfereji wakatangaza msaragambo. Kwetu huko msaragambo ni kazi ya wote: kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyetokea hulipishwa faini.

Mchana wa mkesha wa msaragambo, Penina alikuja kituoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja kugombana na nani?"

"Na wewe." Aliweka kidole juu ya kitabu cha Kundi la Tatu. "Mwalimu, levo ile yenye mguu mbovu imefunga kwa sifuri? Na hiki kitabu kimeshinda shambani wiki nzima, mbona hakina hata tone la tope?"

Nikakifungua upya, ukurasa kwa ukurasa. Kitabu cha shambani hakinakiliwi upya. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja na kosa linabaki likionekana. Hilo nilikuwa nalifundisha mwenyewe. Nikamwita Anaeli. Hakusubiri hata swali la pili. Mzunguko ulikuwa haufungi kwa mita nzima, akaona akisema ugomvi utaanza upya, basi akabadilisha namba moja ya safari ya kurudi na kunakili kitabu kizima. Alilia kama mtoto. Sikumkaripia. Ningeanzaje, wakati amani ile niliiagiza mimi?

Tulifika Kikwe jua bado kali, tukaweka levo kwenye kigingi kile kile walichobishania. Penina alisoma, Godlisten akachungulia baada yake, akakaa chini kwenye nyasi. Ilikuwa mbili na ushee. Kuanzia kigingi kile, kitabu kiliiona ardhi yote ya mbele iko chini kwa mita moja kuliko ilivyo. Mfereji ungechimbwa kina pungufu, na maji yangetakiwa kupanda.

Asubuhi watu walikuwa wamejaa na majembe, Mkuu wa Idara naye amekuja kushuhudia. Nilimwendea mwenyekiti wa mfereji. "Mzee, msichimbe. Tumekosea, na sahihi ni yangu."

Mzee alitazama majembe, akanitazama mimi. "Kuna aliyechimba?"

"Bado."

"Basi umekosea kwenye karatasi, mwanangu. Pimeni. Sisi leo tutafyeka njia."

Mkuu wa Idara akanivuta pembeni.

"Nani aligundua?"

"Penina."

"Yule uliyemhamisha? Kwa nini ulimhamisha?"

"Alikuwa analisumbua kundi."

Akatembea hatua kadhaa, nami nikimfuata nikiuona mkataba wangu unapeperuka. "Mrudishe," akasema, "akalisumbue."

Mkataba haukupeperuka. Baadaye nilipelekwa miradi ya Nduruma, nikafanya kazi chini ya wakuu wengine wanne, mmoja mkali na watatu wa kawaida, mpaka nikastaafu nikiwa Msimamizi wa Mafunzo kwa Vitendo. Makundi yangu yote yalibadilishana nafasi kila vigingi kumi, na mwenye kubisha aliandikwa kwenye safu ya maelezo pamoja na sababu yake. Yalichelewa, yalipiga kelele, lakini nililala usingizi.

Siku maji yalipopita kigingi kile, akina mama wakipiga vigelegele na Anaeli akicheka kuliko wote, nilimsogelea Penina nikamwomba radhi. Nilimwambia ukweli: hakuwa amelichosha kundi, alikuwa amenichosha mimi.

"Yameisha, mwalimu," akasema, macho yake kwenye maji. "Lakini mwakani atakuja mwingine kama mimi. Huyo usimhamishe."

Walikuja wengi, na wengine walikuwa wabishi kweli kweli, kuna siku nilitamani. Sikumhamisha hata mmoja.