Kitunga ya Mungu

Hapa Butembo watu wananijua. Nilianza na bidon moya ya petrole, leo niko na depo hapa na ingine kule Beni, na masomo yangu iliishia primaire. Asubuhi hii batumishi bangu balifungua gunia ya maharagi mapya ya Musienene. Ile harufu ya udongo na maganda makavu ikanirudisha mu jikoni ya mama.

Nilikuwa mutoto, na kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka mavuno ku kanisa. Mama alikuwa anachagula ku lungo: maharagi mazuri mu kitunga ya Mungu, yenye kutobolewa na wadudu mu chungu yetu.

Nikamwambia: "Lakini mama, Mungu hakulake maharagi! Tuuzishe ile mazuri, uninunulie viatu sawa batoto ba jirani."

Akacheka. "Eh papa mudogo! Weye njo utamufundisha Mungu biashara?"

Magaribi tulizunguka ile chungu. Mama akaombea chakula pole pole, akashukuru. Nikafungua jicho moya, nione kama anajuta kumupa Mungu ile mazuri. Macho yake ilikuwa imefungwa, na alikuwa anacheka kidogo, yeye na Mungu wake.