Mama Pasi na Daftari la Kijani

Mama Pasi hakuwa mtu wa kufungua mlango wote. Ukigonga, unasikia kwanza ndala zikiburuzwa, kisha kimya, kisha mnyororo unanyooka na jicho moja linakukagua kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Jengo zima lilijua hivyo. Kila mlango pale ulikuwa na lugha yake, lakini jina la Mama Pasi wote walilimudu, maana mwaka wa saba huo alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli katika kiwanda cha dobi, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya kuungua mpaka kwenye viwiko.

Jumamosi moja asubuhi wakapanda ngazi mchungaji mwembamba na mkewe, mama wa makamo aliyebana kwapani daftari la kijani.

"Hodi, dada," mke wa mchungaji alisema. "Tunatoka kanisa lile linalotazamana na gereji. Tuna masomo ya jioni kwa watoto, kusoma na hesabu. Bure kabisa."

"Kwa nini?"

"Kwa nini tunafundisha?"

"Kwa nini bure?"

Mchungaji akacheka. Mama Pasi hakucheka. Mkewe akauliza nyumba hiyo ina watoto wangapi, huku akilifungua daftari, na kalamu ilipogusa karatasi tu, mlango ukafungwa paa!

Haikuwa jeuri. Katika mji alioishi kabla ya huo, walikuja vijana wawili wapole, nguo safi, wakaandika majina ya watu wote wa ghorofa yao. Walisema ni kwa ajili ya msaada. Mama Pasi mwenyewe aliwapa maji ya kunywa. Wiki haikuisha, magari ya polisi yakaja na orodha ileile, wanaume wasio na vibali vya ukaazi wakapakiwa, na mumewe alikuwa wa tatu kuitwa. Mpaka leo hajasikia sauti yake. Tangu hapo, mtu mpole mwenye kalamu alimtisha kuliko mlevi mwenye chupa.

Akaanza kuwachunguza. Akitoka kazini hupita upande wa gereji, anajifanya anafunga kamba za viatu, anatupa jicho dirishani. Aliona viti, watoto, ubao. Akamuuliza fundi viatu wa chini ya jengo, mzee aliyejua habari za kila mtu.

"Jirani, wale watu wa kanisa wanataka nini?"

"Wanataka uokoke."

"Hilo nalijua. Nauliza wanataka nini kingine."

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Mimi wameniandika mara mbili. Mpaka leo sijaokoka wala sijakamatwa."

Jibu hilo halikumtuliza hata kidogo. Wiki hiyohiyo, binti yake wa miaka tisa akiwa anaosha vyombo, alianza kuimba wimbo ambao mama hakuwahi kuusikia, na ndani yake mlikuwa na jina la Yesu.

"Nani kakufundisha?"

Mtoto akainamia vyombo, povu likamtiririka mkononi. Kumbe kwa majuma matatu alikuwa akienda kule kila akitoka shule, na kurudi nusu saa kabla ya mama.

Kesho yake Mama Pasi hakungoja zamu iishe. Alimwambia msimamizi ana dharura, akaenda na aproni yake mwilini, akaingia kwa mlango wa nyuma wa kanisa. Jikoni hapakuwa na mtu. Daftari la kijani lilikuwa mezani, karibu na birika. Lugha ya nchi ile aliisoma polepole, kwa kidole, lakini aliisoma. Akatafuta namba ya mlango wake akaipata.

"Mama anapiga pasi. Mikono imeungua. Hajatuamini, tusimsumbue. Binti ana akili, ila haoni ubaoni, anakisia. Tumwombee."

Akarudia mstari ule wa macho mara tatu. Mtoto wake mwenyewe, aliyemzaa na kumsuka nywele kila Jumapili, wageni wamemjua kuliko yeye! Hasira na aibu vikampanda pamoja hata asijue kipi kilitangulia.

"Karibu, dada," mke wa mchungaji alisema mlangoni.

"Daftari hili mnampelekea nani?"

"Mungu."

"Na baada ya Mungu?"

Yule mama aliona uso ule, akaacha kutabasamu. "Hakuna mwingine. Sikujua kwamba kuandika kunaweza kumtisha mtu hivi. Nisamehe."

"Ukurasa wangu utoe."

Akauchana palepale, akampa. Mama Pasi akaukunja, akautia mfukoni, akamwita binti yake aliyekuwa darasani, wakaondoka bila kwaheri.

Siku yake ya mapumziko alimpeleka mtoto kwa daktari wa macho. Wakirudi, binti alikuwa na miwani, anasoma kwa sauti kila kibao cha duka mpaka kero. Jumatatu mama akamrudisha kanisani, kwa sharti moja: na yeye atakuwepo. Alibadilishana zamu na mwenzake, akaketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Wengine walipofumba macho kuomba, yeye aliyakodoa zaidi.

Hakuokoka, na mke wa mchungaji hakuacha kumwombea. Kila mmoja aliujua msimamo wa mwenzake. Miaka ikapita hivyo. Jioni moja akaja mama mgeni, mtoto mgongoni, akasita kizingitini, kisha akamwinamia mtu aliyekuwa karibu zaidi.

"Samahani, dada. Hawa ni watu wa namna gani?"

"Bado nawachunguza," Mama Pasi alimnong'oneza. "Mwaka wa sita huu." Akasogea, akampisha kiti. "Kaa hapa. Ukikaa hapa unawaona wote."